Nimealikwa baa ya wiski ya Kijapani hapa Kobe. Naagiza nini, na nani analipa?

Mgeni wa Nada

Habari zenu wanajamvi. Naomba msaada wa mnaoishi Japani au mliowahi kuishi huku.

Niko Kobe kimasomo, nimepanga chumba mtaa wa Nada. Njia ninayopita kutoka stesheni kuna kibaa ghorofa ya pili, juu ya fundi cherehani. Hakina dirisha. Kuna mlango mzito wa mbao, taa moja ya njano, na kibao kidogo ambacho ukipita haraka hukioni. Siku zote nilidhani ni ofisi ya wakili. Juzi profesa wangu, mzee wa miaka sitini na kitu, mpole kupita kiasi, akaniambia Ijumaa tukimaliza semina atanipeleka "kwake". Kumbe ndiko huko. Anasema ni baa ya wiski ya Kijapani na kokteli, na yeye ni mteja wa siku nyingi.

Sasa mimi nilikotoka Morogoro ni mtu wa bia mbili baridi na nyama choma, muziki juu, tunaongea kwa kupaza sauti. Wiski naijua ile ya harusini, unachanganya na kola mambo yanakwisha. Naogopa kwenda kumwaibisha mzee wa watu. Ukiingia unakaa wapi, unasemaje? Kuna mtu kaniambia unakatwa hela kwa kukaa tu, hata kabla hujanywa, ni kweli au ni utapeli? Niagize nini kisichoonekana cha kishamba? Na bili nitoe mimi, tuchangiane, au nijikalie kimya? Halafu mimi natembelea baiskeli, nadhani nitaenda nayo.

Msinicheke.

Kijana wa Nakuru

Buda, prof ndiye analipa. Itisha Yamazaki 18 na usiangalie nyuma 😂

Mzee wa Yadi

Mkuu, huyo wa Nakuru hakutakii mema. Aprili 2024 Suntory, kampuni inayoitengeneza, walipandisha bei elekezi ya Yamazaki 18, yaani ile ya miaka 18, kutoka yeni 32,000 hadi 55,000 kwa chupa, hapo kodi bado, na hata kwa bei hiyo kuikuta dukani ni bahati yako. Ukiiagiza kwenye mwaliko profesa atatabasamu, atalipa, na habari ya Ijumaa hutaisikia tena.

Mimi ni mtu wa Tanga, nashughulika na magari, na hapa Kobe nimeshazeekea. Chini ya nyumba ninayokaa kuna baa ya aina hiyohiyo, kaunta moja, viti vinane, na kusema kweli ndiyo kijiwe changu. Nakwambia ninavyoona mimi, wengine wataongezea.

Mlangoni usitangulie. Baa za mtaani huku zinaishi kwa wateja wanaojulikana, na mtu aliyeletwa na mteja wa zamani hupokewa vizuri kuliko mwenye hela aliyejileta mwenyewe. Mwache mzee aingie, asalimie, aoneshwe viti, ndipo nawe ukae alipokuonesha. Mwenye baa wateja wanamwita Masta. Mwite hivyohivyo hata kama umri wake mdogo kuliko wako. Utapewa kitaulo cha moto. Futa mikono basi, usisugue uso na shingo kama umeshuka kwenye basi pale Msamvu. Manukato siku hiyo usijimwagie, watu wamelipia kunusa kilichomo kwenye glasi zao. Ukitaka kupiga picha, uliza kwanza. Na hiyo sauti ya Morogoro ishushe, maana kwenye viti vinane kila mtu anamsikia kila mtu.

Hela ya kukaa ni kweli ipo na wala si utapeli. Baa nyingi zinatoza yeni 500 mpaka 1,000 kwa kichwa, na utaletewa kitu kidogo cha kutafuna: karanga, chokoleti, jibini, au siagi iliyochanganywa na zabibu kavu ikagandishwa na kukatwa vipande vya duara. Hiyo ya mwisho nilipoiona mara ya kwanza niliidharau, siku hizi ndiyo inayonitoa nyumbani. Bakshishi huku hakuna kabisa. Ukimwachia Masta chenji juu ya kaunta atakukimbiza nayo mpaka ngazini.

Kinywaji cha kwanza agiza haiboru. Haina ushamba wowote, na nina hakika profesa naye ataanza nayo.

Haiboru ni wiski na maji ya gesi, hakuna kingine. Ukisikia hivyo utaona umepunjwa. Subiri uone inavyotengenezwa. Masta wangu analetewa barafu ya bonge na muuza barafu, angavu kiasi kwamba akiishika unaona vidole vyake upande wa pili. Imegandishwa polepole kuanzia upande mmoja, hewa yote ikasukumwa nje. Haigusi ikiwa imetoka tu kwenye friza kwa sababu itapasuka hovyo. Anaiacha kwenye trei mpaka uso wake uanze kulowa, ndipo anaichonga kwa kijichuma chake chenye meno matatu. Vipande anavipanga ndani ya glasi ndefu, anavizungusha kwa kijiko kirefu mpaka glasi itoe jasho, na maji yaliyoyeyuka anayamwaga. Hapo ndipo wiski inaingia, nayo inazungushwa ipoe. Maji ya gesi yanatoka kwenye friji, ni Wilkinson, ambayo asili yake ni huku huku mkoa wa Hyogo, na anayamimina taratibu kwenye upenyo kati ya barafu na glasi, kwani yakiipiga barafu gesi inakimbia. Kijiko kinashuka hadi chini, kinainua barafu mara moja tu, kinatoka. Hakorogi. Mwisho anakamua ganda la limau kwa juu, na ukikaa upande wa taa unaona yale mafuta yakiruka. Sehemu moja wiski, tatu au nne maji. Muda wote huo hasemi neno, na wewe usimsemeshe.

Kwa kuwa uko Kobe, kuna jingine la kujua. Jina la Samboa, mojawapo ya baa za zamani nchi hii, lilianzia hapa mwaka 1918, na leo kuna Samboa Osaka, Kyoto na Tokyo. Haiboru yao haina barafu hata punje: glasi baridi, wiski baridi, maji baridi, ganda la limau. Inakuja na nguvu na unainywa kabla haijapoa makali. Kama Masta wa profesa ni wa mkondo huo utapewa ya hivyo. Usiombe barafu!

Kinywaji cha pili ndipo umwachie Masta akuchagulie. Mwambie unachopenda kwa lugha ya kawaida, usijifanye unajua. Ukitaka moshi na uzito, atakupa Yoichi, ile ya Hokkaido, kisiwa cha kaskazini, ambayo mpaka leo mitungi yao ya kupikia inachochewa kwa makaa ya mawe. Ukitaka nyepesi yenye harufu ya majani, Hakushu. Ukitaka laini yenye matunda, Miyagikyo au Yamazaki isiyo na umri kwenye lebo. Toti ya huku ni mililita 30, na wengi watakubali kukupimia nusu ukisema "hafu". Hiyo nusu ndiyo siri ya mwenye kipato kidogo. Kwa bei ya toti moja ya chupa yenye jina unaonja mbili tofauti, tena unarudi nyumbani unatembea mwenyewe. Kila toti inaletwa na glasi ya maji pembeni. Yanywe, si mapambo. Ukiona kali mno, omba mizuwari, wiski na barafu na maji ya kawaida, sehemu mbili za maji kwa moja ya wiski au zaidi. Wazee wanakunywa hivyo usiku kucha na hawayumbi.

Kokteli zipo. Old Fashioned ya wiski ya hapa ni nzuri. Lakini kama ni msimu wa matunda, Masta wa huku akikusagia zabibu au stroberi, akakuchanganyia na kitu, chukua hiyo. Kwenye matunda Wajapani hawana mzaha.

Kuhusu bili, profesa amekualika, atalipa. Usishikane naye mikono kama ndugu zetu wanavyofanya kwenye hoteli za Tanga, inamtia aibu mbele ya Masta. Sema "gochisousama deshita", yaani asante kwa kunikirimu, mkitoka, na Jumatatu ukimwona chuoni rudia shukrani kabla ya neno lingine lolote. Hiyo ya Jumatatu wageni wengi hawaijui, na wenyeji huwa wanaisubiri. Mkigonganisha glasi mwanzoni, yako iwe chini kidogo ya yake.

Sasa baiskeli. Mkuu, iache nyumbani. Mimi ni mtu wa magari, sheria hizi nazijua kwa sababu zinagusa mkate wangu. Tangu tarehe 1 Novemba 2024 kuendesha baiskeli umekunywa, hata kama hujalewa, ni kosa la jinai: kifungo hadi miaka 3 au faini hadi yeni 500,000. Kipimo kinaanzia miligramu 0.15 kwa lita moja ya pumzi, yaani haiboru moja inaweza kukufikisha. Na aliyekupa pombe huku akijua utapanda baiskeli naye ana lake la kujibu. Ukifika na kofia ya baiskeli mkononi, Masta hatakuhudumia pombe, na profesa ndiye atakayekuwa ameleta balaa kwenye kijiwe chake mwenyewe. Wewe na viza yako ya masomo ndio usiseme.

Binti wa Malindi

Kaka Mgeni, mzee hapo juu kamaliza karibu yote. Mimi naongeza la sisi tusiotumia, maana kuna wanaosoma hapa kimyakimya.

Mimi ni Mzanzibari, nafanya kazi Osaka, na pombe sinywi. Wenzangu wa ofisini wana baa yao ya wiski karibu na Tenma, wakanialika. Nilienda nikiwa nimeshaandaa maneno ya kujieleza, hayakuhitajika. Nilisema "non-arukooru", yaani kisicho na pombe, Masta akaniuliza maswali mawili, napenda kali au tamu, limau au tangawizi, akanitengenezea Saratoga Cooler: ndimu, tangawizi ya gesi, barafu ileile ya kuchongwa, glasi ileile nzuri. Hakuniletea soda ya chupa na mrija kama mtoto. Hela ya kukaa nililipa kama wenzangu, na niliona ni haki.

La pili ndilo lililonifanya niandike. Bosi wangu alikuwa akinywa Yamazaki iliyokaa kwenye mapipa ya mizunara, mwaloni wa Kijapani. Alipomaliza, Masta aliiacha ile glasi tupu mbele yake bila kuiondoa, akawa anainusa. Nikauliza kuna nini. Akanipa ninuse. Wallahi ulikuwa udi. Si manukato ya chupa, udi wa kwenye chetezo, ule wa siku ya pili ukifungua kabati la nguo. Nikamwambia Masta kwetu tunafukiza hii nyumbani na kwenye nguo za arusi. Akaenda nyuma akarudi na kijisanduku, ndani kuna vipande vya udi, aina ambayo Wajapani wanaiita kyara. Baa nzima ikaanza kunusa vijiti. Watengenezaji wenyewe wanasema wazi kwamba mizunara ikikaa miaka mingi inatoa harufu ya udi na msandali, sikuizua mimi.

Masta akanieleza kwamba mti huo walianza kuutumia wakati wa Vita Kuu ya Pili, mapipa ya kutoka nje yalipokuwa hayapatikani. Kumbe ulikuwa mti wa shida. Unavuja, haunyooki, na unataka uzee sana kabla haujafaa pipa. Sasa ndio unaoringiwa.

Mdau wa Arusha

Wakuu tusidanganyane. Wiski ni ya Uskochi, hao wengine wamenakili. Na mimi nimesoma kwamba chupa nyingi zenye maandishi ya Kijapani na picha ya samurai ndani ni wiski ya Uskochi au Kanada imenunuliwa kwa mapipa ikabandikwa lebo. Mtu alipe maelfu ya yeni kwa lebo? Bora Konyagi, najua imetoka wapi.

Mzee wa Yadi

Mdau, la lebo umepatia. La kunakili umepatia nusu.

Walinakili, tena hawajifichi. Mwaka 1918 kijana mmoja wa familia ya wapika sake, Masataka Taketsuru, alitumwa Uskochi. Akasoma Glasgow, akafanya kazi kwenye mitambo ya kule huku akiandika kila alichokiona kwenye madaftari. Mwaka 1920 alirudi na mke wa Kiskochi, Rita. Shinjiro Torii, mfanyabiashara wa mvinyo wa Osaka, ndiye aliyemwajiri mwaka 1923 wajenge Yamazaki, katikati ya Osaka na Kyoto, mahali inapokutana mito mitatu na ukungu hauishi. Wiski yao ya kwanza ilitoka 1929, na Wajapani hawakuipenda, moshi mwingi. Hapo ndipo mabwana hao wawili wakaanza kutazama pande tofauti. Torii alitaka kinachoingia kwenye mdomo wa Mjapani. Taketsuru alitaka Uskochi. Mwaka 1934 akaenda zake Yoichi, Hokkaido, kwenye baridi, akafungua kampuni ya juisi ya tufaha ili apate hela ya kula wakati mapipa yanaiva. Kampuni hiyo ndiyo Nikka. Ya Torii ndiyo Suntory. Kwa hiyo kaunta ya baa ya mtaani huku, ukiitazama vizuri, ni ugomvi wa wazee wawili uliopangwa kwenye rafu, na wateja mpaka leo wana upande. Profesa wa Mgeni naye atakuwa na wake. Mimi ni Nikka, sijifichi.

Kuhusu lebo, hilo lilikuwa kweli na lilikuwa halali. Sheria haikumzuia mtu kununua wiski ya nje, kuichanganya, na kuiita ya Kijapani. Februari 2021 chama cha watengenezaji kilitangaza masharti yakaanza Aprili mwaka huohuo, na waliokuwa na chupa za zamani wakapewa mpaka mwisho wa Machi 2024. Lazima kimea kiwemo, maji yawe ya Japani, ipikwe Japani, ikae kwenye pipa la mbao si chini ya miaka 3 humuhumu nchini, ijazwe chupa humuhumu, na isishuke asilimia 40. Ni masharti ya chama kwa wanachama wake, si sheria ya bunge, kwa hiyo samurai wako wa kwenye lebo bado anatembea mitaani. Lakini utamjua. Masta yeyote wa maana atakwambia bila aibu ipi imetimiza na ipi haikutimiza. Nikka wenyewe wamesema wazi kuwa From the Barrel yao haitimizi masharti yote, na bado kwenye kijiwe changu ndiyo inayokwisha haraka, kwa sababu ni tamu kwa bei yake. Yamazaki, Hakushu na Hibiki, zote za Suntory, zimetimiza.

Na kuhusu maelfu ya yeni, sababu si lebo peke yake. Wiski hapa ilishuka soko kuanzia katikati ya miaka ya 1980, watu wakahamia vinywaji vingine, na mitambo ikapunguza kupika. Mitambo ya Karuizawa na Hanyu ilizima moto kabisa mwaka 2000. Haiboru ya Kakubin, wiski ya kawaida ya Suntory, ilipofufuliwa mwaka 2008 hivi, na sifa za nje zikaja juu yake, kila mtu akataka wiski ya miaka 12 na 17 na 18, wakati mapipa ya umri huo yalikuwa machache kwa sababu hayakujazwa. Pipa haliharakishwi. Mwaka 2018 Suntory walisimamisha kuuza Hibiki 17 na Hakushu 12, zimewaishia. Hakushu ikarudi baadaye. Unapolipa leo unalipia mapipa ambayo mtu hakuyajaza miaka ya 1990.

Sasa ndugu yangu wa Arusha, Konyagi na mimi naiheshimu. Ila usiniambie inanuka udi.

Mgeni wa Nada

Aisee, asanteni sana. Nimenakili kila kitu. Baiskeli inabaki, nitatembea, ni mwendo wa dakika kumi.

Swali dogo. Je, niende na zawadi kwa Masta? Nimekuja na kahawa ya Mbinga pakiti kadhaa na kitenge. Au itaonekana najipendekeza?

Mzee wa Yadi

Peleka kahawa. Kitenge mpe profesa, ampelekee mkewe.

Na kahawa yako ya Mbinga jiandae kuisikia ikiitwa Kirimanjaro. Huku kahawa ya arabika ya Tanzania yote inaruhusiwa kuuzwa kwa jina hilo, ukiacha ya Bukoba, ndivyo kanuni zao za soko zinavyosema, na hakuna mzee wa Kijapani asiyeijua. Siku niliyomtajia Masta wangu kwamba natoka Tanzania alinyoosha mkono juu na kusema "Kirimanjaro!" kabla sijamaliza sentensi. Mtu wa Mbinga akisikia atanuna, lakini hapo usianze somo la jiografia, pokea sifa na unywe haiboru yako. Mpe Masta mwanzoni kabla watu hawajajaa, kwa mikono miwili, useme ni kitu kidogo. Atakataa kidogo kisha atapokea. Usishangae wiki ijayo ukikuta ameiloweka kwenye wiski anatengenezea kokteli.

Kingine, siku utakayorudi peke yako beba hela taslimu. Vibaa vidogo vingine havina mashine ya kadi. Wangu ana kikotoo na penseli.

Kijana wa Nakuru

Sawa wazee, nimekubali nilikuwa nachochea. Lakini nauliza serious sasa: nina binamu anatoka Osaka mwezi ujao, anapitia Dubai kuja Nairobi. Nataka aniletee chupa moja ya Kijapani ya kweli, isiyo ya samurai. Anunue nini, na wapi?

Mzee wa Yadi

Anunue kwenye duka la pombe mtaani, si la watalii, na ageuze chupa asome nyuma. Kama imeandikwa kwa Kijapani tu na hajui kukisoma, amwoneshe muuzaji na aulize kama ni "japaniizu uisukii". Atajibiwa kwa ndiyo au hapana, hawababaishi. Yamazaki ya kawaida isiyo na umri, Hakushu ya kawaida, au Miyagikyo, yoyote kati ya hizo utafurahi nayo. Ya miaka 12 asiitafute, atapoteza siku nzima ya safari.

Aifunge kwenye nguo na kuiweka kwenye begi la kupakiwa, si la mkononi. Akiinunua uwanja wa ndege baada ya ukaguzi, ahakikishe imefungwa kwenye ule mfuko maalumu na risiti yake ionekane ndani, na asiufungue mpaka Nairobi. Dubai wanakagua upya, na mfuko uliofunguliwa chupa inabaki pale.